Arusha hadi Hombolo kwa Hema: Mvinyo wa Kando ya Ziwa kwa Tusiokula Nyama

Ukisema Arusha kwamba huli nyama, utaulizwa papo hapo: sasa unakula nini? Safari zetu nyingi za barabarani hupangwa kwa kufuata mahali penye mbuzi mzuri wa kuchoma, na asiyekula mbuzi huonekana mzigo kwa wenzake. Mimi sili nyama, kuku wala samaki. Mayai na maziwa natumia. Mvinyo napenda, na ninaoupenda zaidi unatoka Dodoma, upande wa Hombolo, kwenye lile bwawa kubwa ambalo watu wengi wanaliita ziwa na mimi nitaliita hivyo hivyo.

Kutoka Arusha hadi huko ni zaidi ya kilomita 400, siku hizi lami tupu, kupitia Makuyuni, Babati na Kondoa. Njia hii naijua kwa gari na hema. Ushauri wangu kwa asiyekula nyama anayetamani safari ya namna hii ni aanze kuipanga jikoni. Mvinyo utaukuta uendako, na pa kulala hukosi ukiwa na hema. Chakula ndicho kitakachoamua kama utaifurahia safari au utashinda chipsi mayai asubuhi, mchana na jioni. Na huo mvinyo wenyewe una jambo la kuuliza kabla hujaunywa, nitalifikia.

Wanaofuatilia mvinyo wa nje wamesikia habari za mashamba ya kando ya maziwa: Finger Lakes kule New York, Okanagan ya Kanada, miteremko ya Lavaux juu ya ziwa la Geneva huko Uswisi. Kule kazi kubwa ya ziwa ni joto. Maji mengi hupoa taratibu, hivyo hewa ya ufukweni haishuki ghafla na machipukizi ya mizabibu hayaungui kwa baridi kali. Hombolo hakuna baridi ya namna hiyo. Ni nchi kame, mvua yake haifiki hata milimita 700 kwa mwaka wa kawaida, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Bwawa lilijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ukame huo, na mpaka leo ng'ombe wanakunywa hapo, wavuvi wanavua hapo, na bustani za mboga zinaifuata kingo yake. Hizo bustani ni habari njema kwetu.

Wakati wa kwenda

Mzabibu wa nchi za baridi hulala majira ya baridi na kuamka wenyewe. Wa Dodoma haulali, ni mkulima anayeuamsha kwa kuupogoa, na kama miezi minne baadaye anavuna. Ndiyo sababu wenzetu wanapata mavuno mawili kwa mwaka, moja kwenye Februari na Machi, jingine Agosti na Septemba.

Nenda Agosti au Septemba. Februari inapendeza kwa macho kwa sababu nchi yote ni ya kijani, lakini hema linalolowa kila jioni linamchosha mtu, na barabara za mashambani zenye udongo mweusi zinashika tairi kama gundi. Agosti ni kavu. Adui wa msimu huo ni upepo. Dodoma inavuma kwelikweli, vumbi linaingia hadi kwenye sufuria, kwa hiyo beba vigingi virefu vya chuma na jiwe la kukinga jiko. Usiku kuna ubaridi ambao watu wa Arusha tunaumudu, blanketi moja zito linatosha.

Jiko kwanza

Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, ule unaofungwa jiko juu yake, ndio moyo wa safari nzima. Ujaze kabla ya kutoka. Mkaa wa kununua njiani upo, ila jiko la mkaa na upepo wa Dodoma havielewani, na kuni usikate kwenye nchi ambayo imeteswa na mmomonyoko wa udongo kiasi kile. Beba sufuria mbili zenye mifuniko inayobana, kikaango, kisu kinachokata, na wavu wako mwenyewe wa kuchomea. Wavu nausisitiza. Ukienda na wenzako wanaokula nyama, mahindi yako, mbilingani zako na ndizi zako zitaishia juu ya mafuta ya mbuzi kama hukubeba wa kwako. Mgawane hivyo tangu Arusha, pasiwe na manung'uniko barabarani.

Manunuzi nafanya soko la Kilombero alfajiri. Wanaokaa upande wa Usa wanaweza kungoja siku za soko la Tengeru, ndizi na parachichi za pale hazina mpinzani. Nunua parachichi kwa hatua: mawili yaliyoiva kwa kesho, mengine magumu yatakayoivia kwenye gari. Kwenye mazao ya jamii ya kunde usibebe maharage makavu ukitegemea kuyapika kambini. Yanakula gesi saa mbili nzima. Maharage yapikie nyumbani, yagandishe, yaweke chini kabisa kwenye boksi la barafu, yatapoza vingine huku yakiyeyuka na jioni ya kwanza yanaungwa tu. Za kupika njiani ziwe dengu zilizokobolewa na choroko. Hizo zinaiva upesi, dengu hata bila kulowekwa. Ongeza karanga za kusaga, unga, tangawizi, vitunguu saumu, bizari, ndimu na chumvi ya kutosha. Mayai yachemshe kabisa, mabichi hayafiki Minjingu salama.

Majani hayavumilii safari, kwa hiyo usijaze gari sukuma wiki. Utapata njiani. Nyanya ngumu, karoti, kabichi nzima na pilipili hoho zinakaa siku kadhaa bila barafu. Maji ya kunywa beba dumu la lita 20 na ulijaze kila unapopata maji ya uhakika.

Watu wa Arusha wataniuliza kuhusu loshoro, yale mahindi yanayochanganywa na maziwa mgando. Ni chakula chetu, hakina nyama, kinashibisha. Ila maziwa mgando ndani ya gari lenye joto yanahitaji moyo. Kifanye kifungua kinywa kabla ya kuondoka, basi.

Njiani

Kutoka Arusha hadi Makuyuni ni kama kilomita 80, mbuga za Wamasai pande zote. Pale wanaokwenda Karatu wanakata kulia, wewe unanyoosha kuelekea Babati. Sehemu ya kati ya hapo na Minjingu ni ushoroba wa Kwakuchinja, wanyama wanapita wakitoka Tarangire kwenda Manyara na kurudi. Usiendeshe hapo usiku, na usisimamishe hema kando ya barabara hata pakikuvutia vipi. Vijijini ni kilomita 50 kwa saa na tochi za trafiki za kupima mwendo zipo.

Magugu simama. Mchele wa Magugu unanukia, na bei yake ukinunua kwa mkulima inalipa usumbufu wa kushuka. Hapo pia ndipo pa kula mchana wa kwanza, na hapa naomba tuzungumze kuhusu mama lishe, kwa sababu nusu ya ushauri wangu iko kwenye mazungumzo naye.

Ukisema tu "sili nyama", atakuelewa kwamba hutaki kipande cha nyama. Atakupa wali na maharage, kisha kwa moyo mwema kabisa atakumwagia juu upawa wa mchuzi wa nyama, ili usile chakula kikavu. Au atakuletea mchicha ulioungwa kwa dagaa, maana kwa watu wengi dagaa hawahesabiki kuwa nyama. Ndizi zimepikwa kwenye supu. Pilau, hata ukiliondoa pande la nyama, lilishaivia ndani yake. Hakuna aliyekusudia kukudanganya. Kwa hiyo uliza kitu kimoja kimoja, kwa heshima, kabla hajashika sahani.

Mimi huanza na salamu, tena salamu kamili, kisha: "Mama, haya maharage umeyaunga na nini?" Akijibu vitunguu na nyanya, nauliza kuhusu mboga ya majani, kama imewekwa dagaa au nazi au karanga. Halafu namwambia, "Naomba wali, maharage na mchicha, mchuzi wa nyama usiniwekee hata kidogo." Mara nyingi hucheka na kuniuliza, "Mwanangu, wewe Msabato?" Mimi si Msabato, ila ndugu zetu Wasabato wametufungulia njia, kwa maana karibu kila mama lishe kuanzia Arusha hadi Dodoma amewahi kumpikia mmoja asiyekula nyama na anajua kwamba jambo hili ni la kweli, halitokani na kujidai. Nikimweleza kwamba ni uamuzi wangu tu, anaelewa. Wengine wamewahi kuniungia mboga upya kwenye kikaango safi, na mtu anayekufanyia hivyo mpe heshima yake na nyongeza yake.

Chipsi ulizia mafuta. Kama kuku wanakaangwa humo humo, chagua mihogo au viazi vya kuchemsha. Mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha, karanga, mandazi na ndizi mbivu havina maswali.

Babati kwenye viboko

Ziwa Babati liko mjini kabisa, Mlima Kwaraa ukilitazama kwa upande mwingine. Ni kama kilomita 170 kutoka Arusha, kituo cha kulala kinachofaa. Ziwa lina viboko. Wanatoka majini usiku kuja kula majani, wanafuata njia zao zile zile, na kiboko aliyezibiwa njia ya kurudi majini ni mnyama wa hatari kuliko wengi unaowaogopa. Kwa hiyo hema lisiwe ufukweni. Tafuta nyumba ya kulala wageni yenye uwanja inayoruhusu mahema, au mwombe mwenye kiwanja palipoinuka, mbali na maji, na umwulize waziwazi viboko wanapita wapi. Watoto wa pale wanajua kila njia. Maji ya ziwa usiyaingie wala kuoshea miguu, maji yaliyotulia na yenye majani ni makazi ya konokono wa kichocho. Ushauri huo wa kichocho uchukue hadi Hombolo.

Chakula cha Babati mjini ni samaki na nyama, lakini sokoni kuna mbaazi, na wenyeji wanazijua. Zikiwa mbichi, za kijani, zinaiva upesi kuliko kavu. Jioni ya Babati ndiyo ya kupikia mchele wa Magugu. Mbaazi na tui juu ya wali ule ni mlo ambao sijaona mlaji nyama akiukataa.

Kati ya Babati na Dodoma ni kilomita 251. Kolo ipo njiani, na ofisi ya Mambo ya Kale iko kando ya barabara. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, maeneo yenye michoro ni zaidi ya 150, na huwezi kuyaona bila mwongozaji. Kama una nusu siku, itoe hapo. Kondoa mjini jaza mafuta ya gari na ununue mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa pale pale, mazito na yenye harufu yake. Mji una Waislamu wengi, kwa hiyo chupa zikae ndani ya gari na glasi zisubiri. Ni adabu ndogo isiyogharimu kitu.

Ukikaribia Dodoma utapita Msalato. Ukiangukia siku ya mnada utaona moshi wa nyama kabla hujaona mnada. Walaji nyama wenzako waache washuke hapo wale kwa nafasi yao, wewe ununue mboga. Nimeona safari zikiharibika kwa sababu asiyekula nyama aliwanunia wenzake, au wao walimfanyia mzaha hadi akakasirika. Kila mtu apewe kituo chake.

Mlenda

Kabla ya mvinyo nikae kidogo kwenye mlenda, kwa sababu Wagogo wamepika bila nyama kwa ustadi ambao hatuusifu inavyostahili. Ugali wa uwele au mtama, rangi yake kama udongo, na mlenda uliotiwa karanga za kusaga. Mlenda mkavu uliosagwa unapatikana sokoni, mwepesi, hauharibiki, unaiva kwa dakika chache kwenye gesi ile ile. Nunua wa kutosha kurudi nao Arusha. Ukila kwa mtu uliza kama umetiwa dagaa, lakini mara nyingi nimekuta ni karanga na magadi tu. Wageni wanaokimbilia hotelini kutafuta tambi wanaliacha hili nje ya mlango.

Mvinyo wenyewe

Mizabibu ilifika Dodoma kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki, na Bihawana, kusini magharibi mwa mji, ndiko inakotajwa kila historia hiyo inapoelezwa. Leo kituo cha utafiti wa zabibu, TARI Makutupora, kipo kaskazini mwa mji kwenye njia ile ile unayoijia ukitoka Kondoa, na zabibu inayolimwa zaidi mkoani imechukua jina la hapo: Makutupora Nyekundu. Nyeupe inayojulikana ni Chenin Blanc. Hombolo iko kaskazini mashariki. Ukitokea mjini unashika barabara ya Morogoro hadi Ihumwa, kisha unakata kushoto. Huko ndiko kampuni ya mvinyo ya CETAWICO ilikojenga kiwanda chake, na mashamba ya wakulima wadogo yametapakaa kuelekea ziwani.

Usitegemee mambo ya nje, chumba cha kuonjea chenye kaunta na mhudumu aliyevaa aproni. Piga simu kabla, jitambulishe, omba siku na saa. Viwanda vingine vina duka tu langoni, vingine vinakubali kukuzungusha wakiwa hawana shughuli nyingi. Wakati wa mavuno watu wana kazi, kwa hiyo ukipewa nusu saa shukuru. Mkulima mdogo ndiye atakayekupa siku nzima. Msalimie kwa "Mbukwenyi", utaona uso unavyofunguka.

Na sasa lile swali. Watu wengi wasiokula nyama hawajui kwamba mvinyo unaweza kuwa umepitia kwenye mnyama. Zabibu hukamuliwa, hamira hugeuza sukari kuwa kileo, na hapo hakuna shida. Shida huja baadaye. Mvinyo mchanga una ukungu wa chembechembe ndogo zisizotaka kuzama. Ili uwe mwangavu, mtengenezaji huongeza kitu kinachozishika chembechembe hizo na kushuka nazo hadi chini ya tangi, kisha mvinyo safi huhamishwa. Hicho kitu kinaweza kuwa jelatini, ambayo hutoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama. Kinaweza kuwa mabondo ya samaki yaliyokaushwa, yaani vifuko vyao vya hewa, yale mabondo ambayo sisi tunayasikia kwenye biashara ya sangara wa Ziwa Victoria. Kinaweza kuwa ute wa yai, au kaseini ya maziwa. Au kinaweza kuwa bentonaiti, udongo laini wenye asili ya majivu ya volkano, ambao unatumika sana hasa kwenye mvinyo mweupe. Na wengine hawaongezi chochote, wanauacha mvinyo utulie kwa muda wake na kuuhamisha mara kadhaa, au wanauchuja.

Sehemu kubwa ya kilichoongezwa huondoka na mashapo, hilo ni kweli. Kila mtu ajipimie dhamiri yake. Mimi ute wa yai na maziwa havinisumbui, jelatini na mabondo sivitaki. Asiyetumia chochote cha mnyama atatafuta wa bentonaiti au usioongezwa kitu. Lebo ya chupa mara nyingi haisemi lolote, kwa hiyo njia pekee ya uhakika ni kufika na kuuliza, na hiyo kwangu ndiyo sababu kubwa ya kusafiri hadi kiwandani badala ya kununua dukani Arusha.

Uliza hivi: "Mvinyo huu mnausafishia nini ili uwe mwangavu?" Swali la "una nyama?" litakupatia kicheko na jibu la hapana, na hutajifunza kitu. Muulize mtu wa uzalishaji au wa maabara, maana wa dukani huenda hajui. Kiwanda kimoja nilichotembelea, kijana wa maabara alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Dada, hilo hatujawahi kuulizwa na mteja," akaenda stoo akarudi na mfuko wa unga wa kijivu. Ulikuwa udongo. Tulizungumza kuhusu udongo ule muda mrefu kuliko kuhusu mvinyo, na alifurahi kwamba kuna mtu anajali sehemu ya kazi yake ambayo haionekani kwenye chupa. Uliza pia kwa kila aina, kwa sababu kiwanda kile kile kinaweza kusafisha mweupe kwa kitu kimoja na mwekundu kwa kingine.

Kwa mkulima anayesindika mwenyewe jibu huwa rahisi zaidi: umetulia tu. Hapo angalia mambo mengine, usafi wa vyombo na alama ya TBS kwenye chupa. Mvinyo usio na lebo wa kwenye dumu onja kama ukarimu, usiubebe nyumbani.

Kuonja kuna utaratibu wake. Dereva hanywi, na kama upo peke yako unaonja na kutema, bila aibu, au unanunua na kunywea kambini gari likiwa limezimwa. Anza na mweupe mkavu, kisha mwekundu mkavu, tamu ziwe za mwisho, kwa sababu ukianza na tamu kila kinachofuata kitakuwa kikali. Soko letu linapenda tamu, nalo nalielewa, lakini mpe Makutupora Nyekundu mkavu nafasi ya haki. Ule ukali unaokausha ulimi unatafuta mafuta ya kuutuliza. Walaji nyama wanaupa nyama. Sisi tunazo karanga na parachichi. Ugali wa uwele, mlenda wa karanga, kipande cha parachichi lenye chumvi na ndimu, na glasi ya mwekundu mkavu: huo ndio mlo ninaousafiria. Chenin Blanc baridi naupa dengu zenye tangawizi, au mbilingani iliyochomwa kwenye ule wavu wako.

Kulala Hombolo

Kambi rasmi usiitafute. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa kwanza, eleza mko wangapi na mtakaa hadi lini, kisha umwombe mkulima mwenye mti wa kivuli karibu na nyumba yake. Kulala karibu na nyumba ya watu ni usalama na pia ni mazungumzo ya jioni. Lipia nafasi hata kama mwenyeji hajataja bei. Geuza mgongo wa hema kwenye upepo, funga kila kitu kabla ya kulala, na neti ya mbu isikosekane maana ziwa ni karibu.

Asubuhi nenda ukavune nao kama wanakubali. Mikasi, ndoo, jua ambalo saa tatu tu limeshakuwa kali. Hapo ndipo utakaposikia habari ya soko. Zabibu hazisubiri. Zikiiva na mnunuzi hajafika, zinaozea shambani, na wakulima wa Dodoma wamelilalamikia hilo miaka mingi. Wapo waliojikusanya wakakamua wenyewe, wakawa wanauza mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa, kutoka kwenye matanki badala ya kuomba lori la kiwanda. Mimi nilipoyasikia hayo niliacha kabisa tabia ya kubembeleza bei. Mvinyo wa nje wa shilingi nyingi zaidi tunaununua Arusha bila neno, wa mkulima huyu tunataka apunguze. Kama una duka la chakula au nyumba ya wageni Arusha au Moshi, chukua namba ya simu ya kikundi chao, waagizie kreti kwa jina lao.

Kurudi na chupa

Joto ndilo linaloua mvinyo njiani. Buti ya gari lililoegeshwa juani Kondoa inapanda mno, kizibo kinasukumwa nje na ladha inageuka ya kupikwa. Chupa zikae sakafuni nyuma ya viti, zimefungwa kwenye yale mablanketi ya kambini, na ondoka Hombolo alfajiri ili saa za jua kali zikukute Bereko kwenye mwinuko. Zabibu mbichi nunua siku ya kuondoka, kwenye boksi lenye matundu, usizioshe mpaka wakati wa kula, maana zikilowa zinaoza.

Ukifika nyumbani ziache chupa siku kadhaa kabla ya kufungua. Zile ambazo hazikusafishwa kwa kitu chochote zitakuwa na mashapo, ndivyo zilivyo na hazijaharibika. Zisimamishe wima usiku mzima, mimina taratibu, na kile kiasi cha kidole kimoja kinachobaki chini ukiache humo humo.